Nyimbo Nne Alizoziimba Oriel

Glenda Quashie alikuwa mwoga wa jukwaa tangu siku ya kwanza alipopanda, na woga huo haukumwacha hata alipokuwa na jina. Waliomwona kwenye televisheni, ndani ya gauni la rangi ya chungwa lenye mabega mapana, akitabasamu kana kwamba alizaliwa mbele ya taa, wasingeamini kuwa nusu saa kabla ya hapo alikuwa amepiga magoti chooni anatapika. Ilikuwa hivyo kila mara. Wawe watu arobaini au elfu tano, tumbo lake halikuona tofauti.

Alizaliwa Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1962, katika nyumba ya mawe iliyobanana na nyumba nyingine za mawe kwenye mteremko, zote nyeusi kwa moshi wa viwanda. Baba yake, Cosmos, alikuwa ametoka kisiwa cha Carriacou, huko Karibiani, akapata kazi ya zamu kwenye kiwanda cha vitambaa vya sufu. Alifariki kwa ugonjwa wa kifua Glenda akiwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake, Ianthe, alipiga pasi mashuka ya hospitali siku sita za wiki, na siku ya saba alivaa kofia yake ya zambarau akawapeleka binti zake wawili kanisani. Kanisa lenyewe lilikuwa ukumbi wa kukodi juu ya duka la mazulia. Humo ndimo Glenda na dada yake Oriel, aliyemzidi miaka miwili, walimojifunzia kuimba, bila mwalimu wala kitabu, kwa kuwafuatisha akina mama wa Carriacou waliokuwa wakiimba kama watu wanaogombana na mvua.

Sauti za mabinti hao zilifanana mno. Mchungaji akifumba macho alishindwa kusema yupi ni yupi. Mama yao peke yake ndiye ambaye hakuwahi kukosea.

Tofauti yao ilikuwa nyingine. Pasaka moja, Oriel akiwa na miaka kumi na minne, aliambiwa asimame mbele aimbe peke yake. Akasimama, akafungua mdomo, akaona macho yote yale yamemkazia, akaanguka chali katikati ya maua. Tangu siku hiyo aliimba safu ya nyuma tu, amejificha nyuma ya mama mmoja mnene aliyeitwa Bibi Bristol, na aliyetaka kumtoa pale ilibidi amvute kwa nguvu.

"Basi aimbe mdogo wake," mama akasema. "Huyu naye anaogopa, lakini yeye anatapika tu, haanguki. Kutapika kunafutika."

Oriel alipomaliza shule akaingia kiwandani. Kazi yake ilikuwa kukagua vitambaa vya suti na kuziba kwa sindano kila uzi uliokatika, mpaka mnunuzi asijue palikuwa na tundu. Aliipenda kazi hiyo. Hakuna aliyemtazama, walitazama kitambaa. Glenda akauza viatu mjini, na Ijumaa na Jumamosi akaimba kwenye vilabu vya wafanyakazi pamoja na bendi ya Trevor Lumb, kati ya mchezo wa kubahatisha namba, bingo, na sahani za pai na njegere.

Trevor alikuwa mpiga ngoma wa zamani, mfupi, mwenye masharubu, na kama wanaume wote wa mkoa wao wa Yorkshire alimwita kila mtu "mpenzi", hata dereva wa lori lenye tani kumi.

"Umekula nini leo, mpenzi?" angeuliza.

"Biskuti moja."

"Safi. Hakutakuwa na cha kutoka."

Ni yeye aliyempeleka London, yeye aliyebisha milango ya kampuni za santuri mpaka mmoja ukafunguka, na yeye aliyesisitiza kuwa wimbo wa kwanza uwe "Usinipigie Jumanne", wimbo wa mwanamke anayemwambia bwana wa mtu asimsumbue siku ambayo mkewe yuko kazini. Mama Ianthe aliusikia mara moja, akazima redio. Lakini Uingereza nzima iliupenda. Majira ya joto ya mwaka 1987 ulifika nafasi ya sita kwenye orodha ya nyimbo zinazonunuliwa sana, na wasichana wa kila mji wakawa wanapita barabarani wakiuimba.

Baada ya hapo hakukuwa na kupumzika. Ziara juu ya ziara, mahojiano asubuhi, mazoezi mchana, onyesho jioni, basi tena. Kila siku tumbo lilichafuka, na matapishi, kama daktari alivyokuja kumweleza baadaye, yalikuwa yanapita palepale inapokaa sauti. Katika onyesho la sabini na mbili, jijini Glasgow, Glenda alipanda kuifuata noti aliyoizoea, akakuta hakuna kitu. Hewa tu ilitoka. Watu walidhani ni madoido wakapiga makofi. Yeye alisimama pale, anasubiri kuona kama noti inayofuata ingekuja au naye imetoroka.

Daktari wa koo, London, alimshika ulimi kwa kitambaa, akaingiza kioo kidogo, akachungulia kwa muda mrefu.

"Una vinundu viwili kwenye nyuzi za sauti," akasema. "Kimoja kila upande."

"Vitaondoka?"

"Ukinyamaza wiki sita, huenda. Na nikisema kunyamaza sina maana ya kunong'ona. Kunong'ona ni kubaya zaidi. Usiseme hata asante."

"Na vikikataa?"

"Tunavikata. Lakini siwezi kukuahidi utaamka na sauti gani."

Hayo yalikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 1989. Albamu ya pili ilitakiwa iwe tayari mwisho wa Septemba. Mkataba ulisema hivyo, matangazo yalishabandikwa, na kati ya nyimbo kumi Glenda alikuwa ameshaimba sita. Trevor alimsihi asiwaambie watu wa kampuni. Wakijua koo limeharibika, alisema, watatafuta koo jingine, na makoo yamejaa tele. Glenda akarudi kwenye chumba chake cha kupanga, akanunua daftari la kuandikia, akafunga mdomo.

Mtu asiyesema anahitaji wa kumsemea, kwa hiyo Oriel akaomba likizo kiwandani akaja London na mkoba mmoja na chupa ya tangawizi. Siku ya tatu simu ikalia. Trevor alikuwepo, kikombe cha chai mkononi. Oriel akainua mkono wa simu, na kabla hajajitambulisha, mwanamke wa kampuni ya santuri alishaanza: "Glenda, mpenzi! Unaendeleaje? Koo limepona? Sauti nzuri kabisa hiyo!"

"Ni... niko salama," Oriel akasema, akakata simu kama mtu aliyeshika moto.

Kikombe cha Trevor kilikuwa bado kimesimama hewani.

"Hapana," Oriel akamwambia kabla hajasema lolote.

"Sijasema kitu."

"Uso wako umesema."

"Nyimbo nne tu, mpenzi. Siku tatu. Hakuna atakayejua."

"Na Mungu je?"

"Mungu hanunui santuri."

Oriel hakucheka. Alisimama, akaanza kupanga vikombe vilivyokuwa vimeshapangwa. "Nilizimia kanisani mbele ya watu sitini, Trevor. Sitini! Nusu yao walikuwa shangazi zangu."

"Studio haina watu. Kuna fundi mitambo mmoja, naye ni nusu kiziwi."

Wote wawili wakamgeukia Glenda. Mambo yale yaliishia hapo, mikononi mwake, na miaka mingi baadaye ndilo alilolikumbuka kuliko mengine yote: alikuwa na kalamu. Angeweza kuandika *hapana*, likawa neno moja. Alimwona dada yake amekunja mikono kifuani kama mtu mwenye baridi, akajua anamwomba nini. Akaandika: *Tafadhali, dada.*

Oriel alisoma, akalifunga daftari. Kisha akasema, "Kwa masharti mawili. Jina langu lisitajwe popote, maisha. Na mama asijue."

Studioni aliomba blanketi litundikwe kwenye kioo ili fundi mitambo asimwone. Glenda alikaa sakafuni kwenye kona, amempa mgongo. Wimbo wa nne uliitwa "Bado Mvua". Mwishoni sauti inapanda, inapanda tena, halafu inabaki juu peke yake vyombo vyote vimenyamaza. Oriel aliifikia noti ile ya juu bila kuhangaika, akaishikilia, akaipindisha kidogo kama mama wa kanisani, akaiacha iende zake. Upande wa pili wa blanketi fundi mitambo alikuwa ameondoa mikono kwenye mashine zake.

Glenda alikuwa ameiimba noti ile kichwani mara mia. Alijua hajawahi kuwa nayo namna hiyo, hata alipokuwa mzima.

Wiki sita zilipita, na sauti yake ikarudi nusu. Kuzungumza angeweza, kuimba chini angeweza, lakini juu kulikuwa na mkwaruzo. Vinundu, daktari alisema, vimepungua, havijaisha. Na katika nyimbo kumi za albamu ile, kampuni ikachagua "Bado Mvua" kuwa wa kwanza kutolewa. Ndani ya wiki tatu ulikuwa wa pili nchini.

Glenda aliimba kwenye televisheni kwa kufungua na kufunga mdomo tu huku santuri ikiimba, kama ilivyokuwa desturi siku zile, na hakuna aliyeshangaa. Lakini usingizi ulimpotea. Kwenye mahojiano wakimuuliza noti ile aliipataje, alijibu, "Kwa maombi," akabadilisha habari. Akikutana na mtu wa Huddersfield mtaani alivuka barabara. Alikuwa na hakika kwamba siku moja mtu atasimama dukani, redio inaimba, na kusema kwa sauti: "Mbona huyu ni Oriel wa kanisani?"

Aliyesema alikuwa mama. Alipiga simu Jumapili, baada ya ibada.

"Nimesikia wimbo wako jikoni kwa Bibi Bristol."

"Umeupenda, mama?"

"Nani anaimba?"

"Mimi, mama."

Glenda alisikia kijiko kikikoroga sufuria upande wa pili. Jumapili mama hupika wali na maharage kwa nazi.

"Nimekuuliza, Glenda. Nani anaimba?"

Kijiko kilizunguka, kikazunguka tena.

"Nimewazaa wote wawili," mama akasema hatimaye. "Nimewasikia mkilia kabla hamjajua kusema. Unadhani nitakosea leo?" Akaweka simu chini taratibu, na utaratibu ule ndio uliomtisha Glenda zaidi, kwa sababu mama yake alipokuwa na hasira ya kawaida aliibamiza.

Mwezi wa Desemba kampuni ilitangaza onyesho kwenye ukumbi wa mji wa Huddersfield, Jumapili saa tisa alasiri, mtoto wa nyumbani amerudi, televisheni kurusha moja kwa moja. Hakutakuwa na kufungua mdomo juu ya santuri. Watu elfu moja na mia mbili, na wimbo wa kufungia, bila shaka, "Bado Mvua".

Trevor alikuwa na jibu. "Nyuma ya kinanda kikubwa cha ukumbi kuna pazia. Oriel anakaa pale na kipaza sauti chake. Wewe unafungua mdomo."

"Hatakubali."

"Alikubali mara ya kwanza."

Glenda alikwenda mwenyewe kiwandani, siku nne kabla ya onyesho. Chumba cha washonaji kilikuwa na madirisha marefu na meza zilizoinamishwa kama madawati, na kwenye kila meza mwanamke na kitambaa chake. Walimpungia mkono, mmoja akapiga mluzi wa "Usinipigie Jumanne". Oriel hakuinua kichwa. Sindano yake iliingia na kutoka kwenye kitambaa cha kijivu.

Glenda alimweleza kwa sauti ya chini habari ya pazia.

"Niliimba mara moja ili upate kupona," Oriel akasema. "Umepona?"

"Bado."

"Basi sasa unaniomba niugue na wewe."

"Dada, nitaaibika mbele ya mji mzima. Ile noti sina. Nimeijaribu kila asubuhi, sina."

"Iache, basi. Ushushe wimbo."

"Nini?"

"Ushushe chini mpaka mahali unapofika. Bibi Bristol anashusha kila Jumapili tangu tukiwa watoto, na hakuna aliyemfukuza kanisani."

"Watu watauliza kwa nini."

Hapo ndipo Oriel alipomtazama. "Waache waulize," akasema. "Wewe ndiye uliyetaka kutazamwa."

Jumapili ilipofika, Glenda alitapika mara tatu. Trevor hakusema lolote kuhusu biskuti. Alikuwa amekasirika kwa sababu bendi ilishaambiwa ishushe wimbo, na nyuma ya pazia la kinanda hakukuwa na mtu. Kutoka pembeni mwa jukwaa Glenda aliwaona mama na Oriel, safu ya tatu, mama na kofia yake, Oriel amevaa koti analolivaa kazini na kulifunga vifungo vyote.

Saa nzima ilikwenda salama. Sauti ilitii. Ukafika wimbo wa mwisho. Aliuimba chini, sauti ikakwaruza mahali pa kukwaruza, na mwishoni, pale ambapo sauti inapaswa kubaki peke yake juu, yeye akaimaliza chini kama mtu anayefunga mlango polepole ili asiamshe watoto. Haikuwa mbaya. Wengine walianza kupiga makofi. Ndipo mwanamume mmoja ghorofani akapaza sauti, kwa utani tu, sauti nene ya kilabuni:

"Ile ya juu umeiacha wapi, mpenzi?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Glenda naye angeweza kucheka. Angeweza kusema mafua, angeweza kusema baridi ya Yorkshire, na watu wangempenda zaidi. Hakuwa amepanga lolote. Lakini miezi mitatu ya kuvuka barabara ilikuwa imemjaa mpaka hapa shingoni, na mdomo ukafunguka wenyewe.

"Iko kwa dada yangu," akasema kwenye kipaza sauti. "Sikuwa nayo mimi. Kwenye albamu ile nyimbo nne ameziimba Oriel. Yule pale."

Akanyoosha kidole.

Alitaka kumheshimu, na hivyo ndivyo alivyojieleza kwa miaka. Lakini alichokiona kutoka jukwaani kilikuwa vichwa elfu moja na mia mbili vikigeuka kwa pamoja, na kamera moja ya televisheni ikigeuka pamoja navyo, na katikati ya macho hayo yote Oriel, amekauka, midomo imekuwa ya kijivu. Hakuanguka safari hii. Aliinuka, akapita magotini kwa watu, samahani, samahani, akatoka kwa mlango wa pembeni. Mama akamfuata bila kugeuka nyuma.

Magazeti yalifurahi wiki mbili. Kampuni ilivunja mkataba kwa barua ya mistari mitano. Trevor alilia, akamwambia Glenda yeye ni mjinga kuliko wajinga wote aliopata kuwasimamia, akamkumbatia, akaondoka na bendi nyingine. Hayo Glenda aliyatarajia. Ambalo hakulitarajia ni waandishi kupiga kambi kwenye geti la kiwanda. Washonaji walimtoa Oriel kila jioni wamemficha katikati ya toroli za vitambaa, mpaka siku ambayo hakuja kazini, akakaa nyumbani wiki tatu. Glenda alikwenda kubisha kwake. Mlango haukufunguka. Kile kijilango kidogo cha kupitishia barua kikainuka, na sauti ya dada yake ikatokea usawa wa magoti.

"Nilikuomba vitu viwili."

"Nisikilize, dada, mimi—"

"Viwili tu, Glenda."

Kijilango kikafungwa.

Hawakusemezana miaka miwili na miezi minne. Mama aliwagawa: Krismasi kwa mmoja, Siku ya Mwaka Mpya kwa mwingine, na aliyemuuliza habari za mwenzake alijibiwa, "Si una miguu?" Glenda alipata kazi kwenye jiko la shule, kugawa chakula cha mchana. Watoto walijua habari zake kutoka kwa mama zao. "Shangazi, usinipigie Jumanne!" walimwimbia kwenye foleni, naye akawapakulia viazi vya kuponda bila kuinua uso. Kila simu iliyolia nyumbani alidhani ni habari mbaya: mama ameanguka, Oriel amehama, Oriel anaumwa na hakuna aliyemwambia.

Siku moja ya Aprili mwaka 1992, asubuhi, simu ikalia kweli.

"Ulikuwa unatapika saa ngapi?"

Hakukuwa na salamu. Glenda aliijua sauti kama anavyoijua yake. Akakaa chini.

"Nini?"

"Kabla ya kuimba. Saa ngapi? Nataka kujua."

"Nusu saa kabla. Kwa nini?"

Oriel akavuta pumzi. Kulikuwa na mwenzake wa meza ya jirani, Norma, anaolewa Jumamosi. Alikuwa mmoja wa wale waliomficha kwenye toroli. Aliomba Oriel aimbe wimbo mmoja kanisani, mmoja tu, na Oriel akajikuta amesema ndiyo kabla akili haijafika. "Sasa sili, silali, nywele zinanyonyoka. Najiona chini kwenye maua tena. Wewe uliwezaje, kila siku, na tumbo lile?"

"Sikuweza. Nilitapika, nikaingia."

"Ndio hivyo tu?"

"Unasukutua kwa maji ya uvuguvugu, siyo ya baridi. Halafu unatafuta mtu mmoja wa kumtazama mpaka mwisho. Awe na sura mbaya mbaya."

"Kwa nini mbaya?"

"Mzuri atakuvuruga."

"Njoo Jumamosi," Oriel akasema. "Saa nne. Sijakusamehe. Njoo tu."

Alikwenda. Alimshikia koti na paji la uso kwenye choo cha kanisa, akampa maji ya uvuguvugu aliyoyabeba kwenye chupa ya chai, akaenda kukaa benchi la pembeni, akiwa na woga kuliko aliowahi kuwa nao kwa ajili yake mwenyewe. Oriel akasimama mbele. Mpiga kinanda akaanza, akafika mahali pa kuingia, Oriel hakuingia. Mpiga kinanda akarudia tangu mwanzo. Glenda alikuwa ameng'ata glovu yake. Mara ya tatu sauti ikaja, nyembamba kwanza, kisha ikajaa, ikapanda mpaka kwenye mbao za dari, na bibi harusi akaanza kulia na kuharibu rangi za uso.

Nje, watu wakipiga picha, Glenda alimsogelea.

"Umenitazama mimi wimbo mzima."

"Si uliniambia nitafute mwenye sura mbaya?" Oriel akasema, na wote wawili wakacheka mpaka wakashikana ili wasianguke kwenye nyasi zilizolowa.

Mwaka uliofuata Glenda alikubali kukatwa vile vinundu. Alikuwa ameahirisha miaka minne, kwa sababu mtu anayeogopa kusikia jibu haulizi. Oriel alilala naye hospitali ya Leeds kwenye kiti, na baada ya hapo zikaja siku kumi za kunyamaza tena. Glenda aliamka kila asubuhi ametoka jasho, akiota kwamba ameshaongea na hakuna kilichotoka. Siku ya kumi na moja walikaa jikoni kwa mama, watatu. Mama alikuwa anapika sima ya mahindi na bamia, akiikoroga mgongo umewageukia, akijifanya hana haraka.

"Haya," mama akasema. "Sema kitu."

Glenda alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. "Mama, inaungua hiyo."

Ilitoka chini, nzito, kama ya mwanamke mwingine aliyemzidi umri. Oriel aliweka uma mezani. Mama aligeuka na mwiko mkononi, akasikiliza kana kwamba sauti ile bado imo chumbani.

"Ni wewe," akasema.

Mwezi wa Septemba Glenda aliimba kwenye kilabu cha wafanyakazi mjini Barnsley, watu arobaini, nusu yao wanatafuta kalamu zao za bingo. Aliimba nyimbo tano kwa sauti hiyo mpya, na "Bado Mvua" haukuwamo. Alipomaliza, katibu wa kilabu alimfuata na sahani ya pai.

"Ijumaa ijayo una nafasi, mpenzi? Kuna mchekeshaji amevunjika mguu."

Glenda akasema anayo. Aliimba kwenye vilabu vile miaka kumi na tisa, na kwenye mingi ya miaka hiyo Oriel ndiye aliyeendesha gari.